Kiingereza cha Kila Siku: "Must" na Ndugu Zake

Tangazo lililobandikwa langoni mwa hospitali laweza kusema, "Patients need not pay at the gate." Jingine, hatua chache mbele, laweza kusema, "Patients must not pay at the gate." Mtu aliyefundishwa shuleni kwamba "must" ni lazima, na kwamba "not" ni si, huyaunganisha maneno hayo mawili akapata "si lazima," kisha akadhani ya kuwa matangazo yote mawili yasema jambo moja. Sivyo. Tangazo la kwanza lamwarifu mgonjwa kwamba halazimiki kulipa langoni. Akipenda, atalipa ndani. La pili lamkataza asimpe mtu ye yote fedha pale langoni, pengine kwa sababu wamekuwako watu wajifanyao makarani na kupokea fedha za wagonjwa. Aliyeyachanganya matangazo hayo atatoa fedha zake mahali pale pale alipoonywa asizitoe.

Kosa hili si la ujinga, na wasomi nao hulifanya. Chanzo chake ni mahali pa kuwekea ukanusho. Katika Kiswahili mtu akisema, "si lazima alipe," ukanusho umekaa juu ya lazima: lazima ndiyo iliyoondolewa, na kulipa kumeachwa kuwa hiari. Akisema, "lazima asilipe," lazima imebaki pale pale na nguvu zake zote, nao ukanusho umehamia kwenye kulipa. Kiswahili chayaonyesha haya wazi, kwa kuwa kila "si" ina makao yake. Kiingereza hakiyaonyeshi kwa macho. "Not" hufuata "must" na hufuata "need" vile vile, lakini baada ya "must" hushikamana na kitendo kinachokuja mbele, na baada ya "need" hushikamana na "need" yenyewe. Mgeni asitafute akili katika jambo hili. Ni desturi ya wenye lugha, na desturi hujifunzwa tu. Hata Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiingereza, huanguka katika shimo lilo hilo, maana kwao "muss nicht" ni "si lazima."

Dawa yake ni nyepesi. "Must not" isifasiriwe kwa neno "lazima" hata kidogo, bali kwa kitenzi cha kukataza. "You must not touch this wire" ni "Usiguse waya huu," wala hapana haja ya kuongeza neno. "Need not" na "don't have to," kwa upande wao, zifasiriwe "si lazima" au "hakuna haja." Mfanyakazi akiambiwa na mkubwa wake, "You don't have to come tomorrow," amepewa ruhusa ya kupumzika, na akija hatafukuzwa. Akiambiwa, "You must not come tomorrow," akija atakuta mlango umefungwa, na huenda akawa na shauri la kujibu.

Lakini Kiswahili chenyewe kina mtego wa namna hii hii, na yafaa wafasiri wautazame vizuri. Mtu akiambiwa, "Hutakiwi kuingia na viatu," hufahamu mara moja kwamba amekatazwa, ingawa maneno yenyewe yakipimwa moja moja yasema tu kwamba hakuna amtakaye aingie na viatu. "Hupaswi" nalo ni vivyo hivyo. Basi karani afasiriye "You need not pay" kwa kuandika "Hutakiwi kulipa" amemwacha msomaji njia panda: mmoja atasoma ruhusa, mwingine atasoma katazo. Karani mwangalifu huandika "Si lazima ulipe," na ugomvi humalizika kabla haujaanza. Maneno hayo ya Kiingereza "not supposed to" yana tabia ile ile ya "hutakiwi." "You are not supposed to park here" si habari ya hiari, ni katazo lililovaa nguo za upole.

Baada ya kukanusha, yatazamwe maneno yenyewe yanapokubali. "I must go" na "I have to go" zote mbili hufasiriwa "Sina budi kwenda," na kwa mambo mengi ya kila siku hakuna ubaya kuzitumia moja badala ya nyingine. Hata hivyo Mwingereza wa kale husikia tofauti. "Must" mara nyingi hutoka moyoni mwa msemaji: yeye mwenyewe ndiye aonaye lazima, au ndiye mwenye kuamuru. "Have to" huonyesha kwamba lazima imetoka nje, kwa sheria, kwa daktari, kwa saa ya gari la moshi. Baba amwambiaye mwanawe, "You must study," anaamuru. Akisema, "You have to study, the examination is on Monday," amejitoa katika amri na kuuachia mtihani uamuru. Mtu anayetaka kumwomba mkubwa wake ruhusa afadhali aseme, "I have to take my child to the clinic," kwa maana hapo lazima ni ya mtoto na ya kliniki. Akisema, "I must take my child to the clinic," husikika kana kwamba amekwisha kata shauri, na mkubwa ameletewa habari tu.

"Must" inaendelea kupungua katika Kiingereza chenyewe. Profesa Geoffrey Leech wa Chuo Kikuu cha Lancaster, kule Uingereza, alilinganisha makusanyo ya maandishi, kila moja likiwa na maneno kama milioni moja, mengine ya mwaka 1961 na mengine ya miaka ya 1991 na 1992. Aliona kwamba katika muda huo wa miaka thelathini "must" ilikuwa imepungua kwa zaidi ya robo, katika Uingereza na katika Marekani pia, huku "need to" ikiongezeka. Watu wa siku hizi hawapendi kuamuriana uso kwa uso. Mkubwa wa leo hasemi, "You must finish this report." Husema, "You need to finish this report," kana kwamba haja ni ya mfanyakazi mwenyewe. Asidanganyike mtu: ripoti hiyo yatakiwa vile vile, na kwa wakati ule ule.

Kuhusu umbo la maneno, machache yatosha. "Must" haichukui "s" wala haifuatwi na "to": ni "He must go," si "He musts go" wala "He must to go." "Have to" hubadilika kama kitenzi kingine cho chote: "he has to," "they had to," "we shall have to," na kuuliza kwake ni "Do I have to go?" Akiulizwa mtu, "Must I go?" na jibu likiwa ni la kumwacha huru, hujibiwa, "No, you needn't." Kwa sikio, "t" ya kwanza katika "mustn't" haisikiki, na "have to" ikisemwa haraka husikika kama "hafta." Wasikilizaji wa redio hulipita neno hili mara nyingi bila kulitambua.

Sasa yaja mambo ya wakati uliopita, na hapa ndipo mahali pa hatari kuliko pote. "Must" haina wakati uliopita wake yenyewe. Sababu yake ni ya ajabu kidogo: katika Kiingereza cha kale neno hili lenyewe lilikuwa ni wakati uliopita wa neno jingine lililokuwa na maana ya kuruhusiwa. Karne zilipita, neno la asili likafa, na lile la wakati uliopita likachukua kiti cha wakati uliopo na maana ya lazima. Basi Mwingereza akitaka kusema "nililazimika," huazima kwa jirani na kusema "I had to."

Lakini yako maneno mengine, "must have," ambayo kwa sura hufanana na wakati uliopita wa "must," na wengi huyatumia kwa maana ya kulazimika. Hayana maana hiyo. "Must" ina kazi ya pili, nayo ni kukisia kwa nguvu. "He must be ill" si amri kwamba augue, ni kusema, "Bila shaka ni mgonjwa." Msemaji hakumwona daktari wala hakuushika mwili wa mtu huyo, ameona tu kwamba hakuja kazini siku tatu, akapima, akakata neno. Na "He must have gone" ni kukisia kwa namna hiyo hiyo juu ya jambo lililopita: "Bila shaka alikwenda."

Fikiria mlinzi wa ghala aliyeitwa kituoni kuandikisha maneno yake baada ya magunia ya mahindi kupotea. Aulizwa habari za mwenzake. Akisema, "He had to open the store," amesema kwamba mwenzake alilazimika kufungua ghala. Labda aliagizwa na mkubwa, labda alitishwa kwa kisu. Maneno hayo yampa mwenzake udhuru. Akisema, "He must have opened the store," amesema kwamba yeye mwenyewe hakuona, lakini hapati namna nyingine ya kulieleza jambo isipokuwa mwenzake alifungua. Maneno hayo yamnyoshea mwenzake kidole. Na akisema, "He opened the store," amejifanya shahidi wa macho. Hizi ni habari tatu zilizo mbali kabisa, na zatengwa na maneno mawili madogo tu. Mlinzi akitaka kumtetea mwenzake kwa Kiingereza ambacho hajakizoea, aweza kumtia ndani bila kukusudia, kisha akaweka sahihi yake chini ya karatasi. Wakili wa upande wa pili, kama ni hodari, hatakosa kuuliza: "Did you see him, or do you say he must have?" Swali hilo ni la kutenganisha kuona na kukisia, na shahidi asiyelielewa hujibu "Yes" kwa yote mawili.

Aitwaye kutoa ushahidi Kenya asisahau kwamba Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Si aibu mtu kusema habari zake katika lugha anayoimudu na kumwachia mkalimani kazi ya ukalimani. Mkalimani naye ana mzigo wake, kwa kuwa Kiswahili cha mitaani hutumia "lazima" kwa kukisia pia. Shahidi akisema, "Lazima alifungua ghala," mkalimani asiharakishe kusema "had to." Na amtazame shahidi, asikilize yaliyotangulia, na kama bado kuna giza amwombe hakimu ruhusa ya kuuliza.

Kukanusha kisio hakufanywi kwa "must not," bali kwa "can't." Kinyume cha "He must be at home" ni "He can't be at home," yaani "Haiwezekani kwamba yuko nyumbani."

Ziko sentensi mbili nyingine za wakati uliopita zinazofaa kuwekwa sambamba: "I didn't need to go" na "I needn't have gone." Ya kwanza yasema hapakuwa na haja ya kwenda, na mara nyingi hufahamika kwamba msemaji hakwenda. Ya pili yasema alikwenda, kisha akaona amekwenda bure. Mgeni akimwambia mwenye nyumba, "You needn't have slaughtered a goat," mbuzi amekwisha chinjwa, na maneno hayo ni shukrani.

"Should" na "ought to" ni maneno ya lazima iliyo laini, na Kiswahili huyafasiri kwa "yapasa" na "yafaa." Asili ya "ought" ni wakati uliopita wa "owe," yaani kuwa na deni, na huenda hiyo ndiyo njia nzuri ya kulikumbuka: "You ought to visit your mother" ni kumwambia mtu kwamba ana deni kwa mama yake. Yeye aweza kulilipa au kulikalia, lakini deni lipo. Tofauti ya "should" na "must" ni hiyo. "Must" haimwachii mtu nafasi ya kukataa. "Should" yamwachia nafasi na kumwonyesha lililo jema.

Hivyo ndivyo vitabu vya sarufi visemavyo, navyo vyasema kweli kwa habari za mazungumzo. Ofisini mambo hubadilika. Tangazo la kazi likisema, "Applicants should attach copies of their certificates," asidhani mtu kwamba amepewa shauri la kirafiki. Barua isiyokuwa na nakala za shahada itatupwa. Barua ya mkubwa ikisema, "You should report to this office on Friday," ni amri iliyotiwa sukari. Adabu ya ofisi za Kiingereza yapenda maneno laini, na kadiri mtu alivyo mkubwa ndivyo anavyoweza kuyatumia, kwa sababu anajua atatiiwa. Aandikaye barua kwenda juu hana raha hiyo. Akimwandikia mkubwa, "You should increase my salary," amemfundisha mkubwa wake kazi, na jibu huenda likachelewa.

Wahandisi waliotunga kanuni za intaneti waliona hatari ya maneno haya kukosa mipaka, nao mwezi wa Machi 1997 wakatoa karatasi moja fupi ya kuyapa kila neno kipimo chake katika hati zao. Katika karatasi hiyo "must" ni sharti lisilo na udhuru; "should" yamaanisha kwamba mtu aweza kuacha jambo akiwa na sababu nzuri, maadam ameyapima matokeo; na "may" ni hiari. Ingefaa sana ofisi nyingine nazo zifanye hivyo, lakini wahandisi ndio waliolazimika kwanza, kwa kuwa mashine haijui kukisia nia ya mwandishi.

"Had better" hudanganya wengi. Kwa kuwa ndani yake mna "better," msomaji hufasiri "ni bora zaidi," akadhani msemaji analinganisha mambo mawili mema. Lakini "You had better return that bicycle today" si ulinganisho. Ni onyo, na nyuma yake kuna "la sivyo" ambayo haikutamkwa. Kiswahili kina maneno ya namna hiyo, mfano mzee anaposema kwa sauti ya chini, "Heri uirudishe baiskeli ya watu," na kila mtu aliyepo akajua kwamba heri hiyo haina heri.

Na upande wa pili wa jambo, "must" yenyewe mara nyingine si amri. Mwenyeji amwambia mgeni, "You must have another cup of tea." Mgeni mpya husikia amri akanywa kwa shida. Hiyo ni ukarimu tu. Mwanaisimu wa Marekani, Robin Lakoff, aliandika mwaka 1972 kuhusu sura hii ya ajabu: mezani pa mwenyeji "must" ina adabu zaidi kuliko "may," ambayo ni neno la ruhusa, ingawa kwingine kote "may" ndiyo yenye upole. Sababu yake yaeleweka kwa mtu ye yote aliyekaribishwa chakula katika nyumba ya Kiafrika. Mwenyeji anayempa mgeni ruhusa ya kula anajifanya mwenye chakula. Mwenyeji anayemlazimisha anajifanya mwombaji, kana kwamba ni mgeni atakayemfadhili kwa kula. "Sharti ule" ya mama wa nyumba haikupata kumtia mtu gerezani.

Limebaki "shall," nalo ni zito. Katika mazungumzo limekuwa adimu, isipokuwa katika kuuliza kama "Shall we go?" Lakini katika mikataba na sheria lingali likitawala, na maana yake humo si wakati ujao. Mkataba wa nyumba ukiandika, "The tenant shall paint the walls before leaving," msomaji aliyezoea kwamba "shall" ni "-ta-" hufasiri "Mpangaji atapaka kuta rangi," akadhani ni habari ya mambo yatakayotokea, labda kwa hisani yake. Maana yake ni "Sharti mpangaji apake kuta rangi." Siku ya kuhama mwenye nyumba atazuia fedha za amana, na mkataba uko upande wake. Kabla ya kutia sahihi, mtu na azihesabu "shall" zote zilizomo, na kwa kila moja aulize: huyu anayelazimishwa ni nani? Mara nyingi ataona kwamba mpangaji ametajwa mara kumi na mwenye nyumba mara mbili.

Neno hili "shall" limewahi kuisumbua hata Mahakama ya Juu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 81, imetumia "shall" kwa kusema kwamba katika vyombo vya umma vinavyochaguliwa, wanachama wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Je, hiyo ilikuwa amri ya kutimizwa katika uchaguzi wa mwaka 2013, au lengo la kufikiwa hatua kwa hatua? Tarehe 11 Desemba 2012 majaji walio wengi walisema kwamba kanuni ya jumla ya namna hiyo haikuwa ya kutimizwa papo hapo, ila sheria ya kuitekeleza iwe imepatikana kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao; kwake kanuni ilikuwa ya kutimizwa tangu uchaguzi ule. Tarehe ya mwaka 2015 ilifika ikapita, sheria isipatikane, hata mwezi wa Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge kwa sababu hiyo. Bunge halikuvunjwa. Uchaguzi wa Agosti 2022 nao ukafanywa bila sheria hiyo kuwako.

Na asiseme mtu kwamba habari za "shall" ni za wasomaji wa Kiingereza peke yao. Kifungu cha 259 cha Katiba hiyo kimeamua kwamba, tafsiri za lugha mbalimbali zikigongana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Kwa hiyo hata asomaye Katiba yake kwa Kiswahili yumo chini ya nguvu ya neno hilo. Watungaji wa Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 walichagua njia nyingine. Katiba yao ya muda, ya mwaka 1993, ilijaa "shall". Katika ile ya 1996 waliweka "must," neno ambalo hata mwanafunzi hawezi kulidhania kuwa ni wakati ujao. Serikali ya Marekani nayo huwashauri maofisa wake waandike "must" katika kanuni na kuiacha "shall."

Mfasiri wa Kiswahili ana bahati ya kuwa na maneno mengi ya kuchagua. Lazima, sharti, wajibu na budi, yote yalitoka katika Kiarabu, na kila moja limekaa mahali pake. "Sharti" lafaa mikataba, kwa kuwa asili yake ni kitu kinachofungamanishwa na kingine: asiyetimiza sharti hapati haki. "Wajibu" lafaa deni la moyo, na hufuatana vizuri na "ought." "Hakuna budi" lafaa pale ambapo njia nyingine zimefungwa, kama vile "have to" ya mtu aliyeachwa na gari. "Lazima" huingia kila mahali, na kwa sababu hiyo lataka kuangaliwa.

Kwa msomaji apendaye kujipima, ziko sentensi sita. Na azifasiri kwanza bila kutazama majibu: "The driver must have seen the child." "Visitors must not feed the monkeys." "We didn't have to wait." "You needn't have cooked so much food." "The landlord shall repair the roof." "She had better see a doctor."

Majibu ni haya. Bila shaka dereva alimwona mtoto. Wageni wasiwape kima chakula. Hatukulazimika kungoja. Umepika chakula kingi hivi bila haja, nacho kimekwisha iva. Sharti mwenye nyumba atengeneze paa. Heri amwone daktari, la sivyo mambo yatazidi. Na hapa anayefasiri "ingekuwa bora amwone daktari" amepata nusu ya alama, kwa sababu ameiacha hofu iliyomo katika Kiingereza.